Sekunde 22 za mwalimu, dakika kumi za nyumbani

Tupige hesabu kwanza. Darasa la kwanza lenye watoto 80 si ajabu hapa Lubumbashi, hasa tangu Septemba 2019, Serikali ya Kongo ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma, jambo ambalo kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kilikuwa kimekwisha kuahidi. Somo la kusoma likichukua nusu saa, na mwalimu akaamua kumsikiliza kila mtoto peke yake, kila mmoja atapata sekunde 22 na nusu. Hapo hatujatoa muda wa kunyamazisha benchi la nyuma, kuchonga krayo (penseli) na kumngoja aliyeomba kutoka. Ndiyo maana mwalimu hafanyi hivyo. Anasoma yeye, darasa zima linaitikia kwa sauti moja, na mtoto asiyejua hata herufi tatu anaitikia pamoja na wenzake. Midomo inakwenda, macho yako dirishani. Anaweza kumaliza mwaka namna hiyo bila mtu kugundua.

Mzazi wa mtaa wa Katuba au Kamalondo hapa mjini akimkalisha mtoto wake dakika kumi tu jioni, amempa zaidi ya mara 26 ya sekunde zile. Hakuna shule inayoweza kushindana na hilo, hata ile ya karo kubwa. Kwa hiyo mzazi asijipe kazi ya kufundisha upya yale ya shule. Kinachokosekana darasani ni sikio moja kwa mtoto mmoja, kila siku. Na sikio halidai diploma, wala halidai Kifaransa.

Nasisitiza Kifaransa kwa sababu ndicho kisingizio cha kwanza. «Mimi sikusoma, nitamsaidia nini?» Wazazi wengi wanajitoa kabla ya kuanza kwa kuwa kaye (daftari) ya mtoto imejaa lugha wasiyoimudu. Lakini Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inataka lugha za taifa au lugha za mahali zitumike kufundishia na zifundishwe kama somo, sambamba na Kifaransa. Huku kwetu maana yake ni Kiswahili. Utekelezaji ni jambo jingine: shule nyingi za binafsi zinajitangaza kwa Kifaransa tangu chekechea, na wazazi wenyewe ndio wanaodai hivyo. Sibishani na anayetaka mtoto wake ajue Kifaransa. Nabishana na njia. Mtoto hujifunza kusoma mara moja tu maishani. Akishaelewa kwamba alama zile ni sauti, na sauti zikiunganishwa zinatoa neno analolijua, ujuzi huo anahama nao kwenda lugha yoyote. Ni rahisi sana kuupata katika lugha anayoiota usiku kuliko katika lugha anayoisikia saa tano kwa siku mdomoni mwa mtu mmoja.

Tena Kiswahili kina heri moja ambayo Kifaransa hakina: kinaandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Herufi u ni u popote utakapoikuta. Katika Kifaransa mtoto yuleyule anaambiwa kwamba u ya «lundi» ina sauti nyingine kabisa, kwamba sauti aliyoizoea inaandikwa kwa herufi mbili, o na u, kwamba «eau» yote ni o tu, na kwamba herufi ya mwisho mara nyingi haisomwi. Mtoto anayeandika «bonjur» hajakosa akili. Ametumia kanuni ya Kiswahili mahali pasipofaa, na hiyo ni dalili njema: anasikiliza sauti. Wa kuhofia ni yule anayeandika «bonjour» bila kosa kwa sababu amelikariri kama picha, kisha ukimwekea «jour» peke yake hajui ni nini.

Lakini tusijidanganye kwamba Kiswahili cha kitabu ni kile cha nyumbani. Mtoto wa mtaa wa Kenya au Ruashi, hapa Lubumbashi, anasema «batoto banaenda», kitabu kinamwambia «watoto wanakwenda». Anasema «muti», anakuta «mti». Akisoma «mutoto» palipoandikwa «mtoto», asipigwe wala asichekwe. Amelitambua neno, na hiyo ndiyo kusoma. Mwache amalize sentensi, kisha rudi naye: weka kidole kwenye m, muulize u iko wapi. Ataona mwenyewe kwamba haipo. Wiki mbili tatu anazoea kwamba kitabu kina namna yake na nyumba ina namna yake, kama anavyojua kwamba kwa bibi hasemi kama anavyosema na wenzake mtaani.

Sasa hizo dakika kumi zinakwendaje? Kwa mtoto wa darasa la kwanza ambaye bado hajashika silabi, usianze na kitabu. Chukua boksi la karatasi ngumu, la biskuti au la sabuni, ulikate vipande vidogo vya ukubwa wa kiberiti. Andika silabi za konsonanti tano tu, m, l, t, k na p, kila moja pamoja na a, e, i, o, u. Hizo ni 25. Ma na ku uzitengeneze mbili mbili, vinginevyo «mama» na «kuku» hazitapatikana na mtoto atalalamika, tena kwa haki. Siku ya kwanza toa vipande vitano vya m peke yake. Siku ya pili ongeza vya l. Akifikia vyote, anaweza kujenga kula, lima, pika, tupa, kitu, moto, paka, lipa. Mwambie neno, alitafute. Kisha ajenge yeye, wewe usome. Kama hujui kusoma, mwambie yaya yake (kaka au dada mkubwa) aliye darasa la tano aandike vipande, wewe utaje maneno na kumsikiliza akiyasoma.

Kosa la kawaida hapa ni haraka. Mzazi anaona mtoto ameshika ma-me-mi kwa siku mbili, anamrukisha hadi mb, nd, ng, ny na kw wiki hiyohiyo. Hizo ndizo ngumu, kwa sababu herufi mbili zinafanya kazi moja. Zisubiri mpaka silabi nyepesi zitoke bila mtoto kuangalia dari. Na b na d zikimchanganya, usianze kutafuta ugonjwa: ni kawaida kwa watoto wa miaka sita na saba. Zifundishe zikiwa zimeachana kwa majuma kadhaa, kamwe si siku moja.

Jambo jingine linalowachanganya watoto wetu, na ambalo wazazi hawalioni, ni mwandiko. Shule nyingi hufundisha mwandiko wa kuunganisha, lakini kitabu kimechapwa kwa herufi zilizoachana. Angalia r, s na z: katika kaye zina sura moja, kitabuni nyingine. Mtoto anaweza kusoma alichoandika mwenyewe, akakwama kwenye ukurasa wa kitabu, na nyumbani wakasema ni mvivu. Andika vipande vyako kwa herufi za kitabu, na nyuma ya kila kipande andika silabi ileile kwa mwandiko wa shule. Ageuze, alinganishe.

Mtoto anayekwisha kuanza kitabu mkalishe upande wako, si mbele yako, ili wote wawili muone ukurasa upande mmoja. Afuate kwa kidole. Akikwama, hesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kusema chochote. Watu wengi hawafiki mbili. Akishindwa, funika neno lote ufunue silabi moja moja. Ukimtajia neno kila mara, anajifunza kukwama na kukutazama usoni. Mwishoni muulize swali moja tu la maana: nani alifanya nini? Hilo linatosha.

Kuna watoto hodari wa kughushi. Wanafungua ukurasa, wanaona picha ya mbuzi, wanautiririsha mstari mzima kwa kuwa waliuimba darasani mara hamsini. Mzazi anafurahi, anawaita majirani. Funika picha kwa kiganja. Kisha onyesha neno la mwisho la mstari, halafu la katikati, halafu la kwanza. Mwambie: «Nisomee hili hapa.» Akinyamaza, ujue alikuwa anakariri, na uanze tena na vipande bila kumkaripia. Ni afadhali ulijue Oktoba kuliko Juni.

Kwa mtoto wa darasa la pili na la tatu kuna kipimo ambacho mtu yeyote mwenye simu anaweza kukifanya. Chagua ukurasa ambao hajawahi kuuona, weka dakika moja, hesabu maneno aliyosoma sawasawa. Nchi ya Kenya, katika mpango wake wa kusoma uitwao Tusome ulioanza mwaka 2015, ilichukua maneno 45 kwa dakika kuwa kiwango cha msomaji mzuri wa Kiswahili katika madarasa ya mwanzo, na 65 kwa Kiingereza. Tofauti hiyo inatokana na urefu wa maneno yetu: «sitakununulia» linahesabiwa neno moja. Usiifanye namba hiyo fimbo. Faida yake ni kukuonyesha mwendo: kama Oktoba alisoma 12 na Februari 25, mambo yanakwenda, hata kama jirani ana mtoto wa 50. Kama ni 12 na 13, kuna kitu kimefungika. Na kasi ndogo ina hasara ya wazi: anayetafuta kila silabi kwa jasho, akifika mwisho wa sentensi amekwisha kusahau mwanzo wake.

Na Kifaransa? Hapo mzazi asiyekijua ana kazi moja nzuri sana, ya kuwa mwanafunzi wa mtoto wake. Kila jioni mtoto akufundishe maneno matatu ya siku hiyo, akuonyeshe kitu chenyewe: mlango, kijiko, ndoo. Ukilitamka vibaya, atakucheka na kukurekebisha, na kila akirekebisha analikaza kichwani mwake. Kwenye maandishi marefu, mwache asome aya, funga kaye, muulize kwa Kiswahili inasema nini. Hapa ndipo wazazi wanaojua Kifaransa hukosea kuliko wasiokijua. Wanaridhika na matamshi. Mtoto anaweza kusoma ukurasa mzima wa Kifaransa kwa sauti tamu bila kujua kama unahusu ng'ombe au gari, na hilo litamgharimu kwenye hesabu za maneno darasa la nne, si leo.

Hesabu zenyewe zinastahili aya zake, kwa sababu hapa Lubumbashi Swahili yetu inatusaidia tukitaka. Tunasema «makumi tatu na ine». Neno lenyewe limebeba fungu: makumi matatu, na nne pembeni. Mtoto anayehesabu kwa Kifaransa akifika onze, douze, treize, mpaka seize (11, 12, 13, mpaka 16), haioni kumi iliyojificha ndani. Basi mpe vijiti, vya ufagio ulioharibika vinatosha. Akifika kumi, afunge fungu kwa uzi. 34 ni mafungu matatu na vijiti vinne vilivyolala peke yake.

Sasa mpe 34 toa 18. Watoto wengi wa darasa la pili na la tatu wataandika 24, na kosa hilo lina mantiki yake: walipoona nne haitoi nane, waligeuza wakatoa nne kwenye nane, kisha moja kwenye tatu. Kumwambia «umekosa, rudia» hakumsaidii, atarudia vilevile. Rudi kwenye vijiti. Anataka kuondoa nane, anavyo vinne vya pekee, afanye nini? Mwache afungue fungu moja mwenyewe. Sasa ana mafungu mawili na vijiti 14. Nane vikitoka vinabaki sita, fungu moja likitoka linabaki moja. Kumi na sita. Fanya mara tano sita kwa vijiti kabla ya kumrudisha kwenye kaye, na kwenye kaye achore mafungu kwanza.

Tahadhari moja kwa wenye simu. Kongo, kama Ubelgiji, hutumia septante kwa 70 na nonante kwa 90. Video nyingi za watoto zinatoka Ufaransa, na huko 97 inaitwa kwa jina refu linaloanza na themanini. Mtoto anasikia nonante-sept kwa mwalimu na quatre-vingt-dix-sept kwenye simu, halafu kwenye imla ya namba anaandika 80 na 17 zikifuatana. Ukijua chanzo, unamweleza kwa dakika moja. Usipojua, utadhani amerogwa.

Ratiba ya jioni niiseme kwa ufupi, maana wazazi wengi wanaijua ila wanaipanga kinyume. Mtoto wa shule akifika ale kwanza, acheze, kisha asome kabla ya giza. Umeme ukiwepo ni vizuri, usipokuwepo usikuharibie mpango: dakika kumi za mwanga wa jua saa kumi na moja jioni zinashinda saa nzima ya tochi ya simu baada ya bukari (ugali). Kama ni lazima taa, iwekwe upande wa kushoto wa anayeandika kwa mkono wa kulia, la sivyo mkono wake unatia kivuli hasa pale anapoandika. Anayeandika kwa kushoto aachwe na kushoto kwake, na taa ihamie kulia.

Kazi za nyumbani zisipite kiasi. Marekani wengi hutumia kipimo cha dakika kumi kwa kila mwaka wa darasa: kumi darasa la kwanza, thelathini la tatu. Si sheria, ila ni breki nzuri. Mtoto wa miaka saba aliyekaa saa moja na nusu juu ya kaye hajifunzi tena, anajifunza kuchukia. Na mkono unaoandika uwe wake. Mama anayeandika majibu ili mtoto asiadhibiwe anamnyima mwalimu habari pekee aliyo nayo. Bora kazi irudi na makosa, au nusu, na neno dogo chini yake kwamba alikwama hapa.

Usingizi ndio unaoibwa zaidi. Watoto wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji kati ya saa 9 na 12 kwa usiku. Anayeamshwa saa kumi na moja na nusu alfajiri ili awahi kengele ya saa moja na nusu, akilala saa mbili na nusu amepata kile kiasi cha chini kabisa. Filamu ya saa tatu usiku kwa hiyo inalipwa darasani kesho yake. Mfuko upangwe usiku, na mtoto mwenyewe: kaye, krayo mbili, kibao na chaki, biki (kalamu ya wino) kama mwalimu amekwisha kuiruhusu. Shati jeupe kama ni moja tu lifuliwe saa ileile anapolivua, maana kuanzia Novemba mvua zikianza la kufuliwa usiku halikauki, na ndipo siku za kukosa shule zinapoanzia. Kwa wanaosoma zamu ya mchana ratiba inageuka: kazi zao zifanyike asubuhi, baada ya uji, kabla hawajatumwa sokoni na kisimani hadi saa tano. Hao ndio wanaoonewa zaidi, kwa kuwa nyumba nzima inawaona kama wako likizo kila asubuhi.

Kuhusu repetitere, mwalimu wa kulipwa wa nyumbani, nitasema wazi: wazazi wengi wananunua kitu wasichokihitaji. Kijana anayekuja mara mbili kwa wiki, akawakusanya watoto sita wa madarasa tofauti kwenye baraza, anaunda darasa dogo jingine lenye tatizo lilelile la kuitikia pamoja. Mara nyingi anawakaririsha majibu ya mtihani ujao, pointi zinapanda, na kusoma kunabaki palepale. Kama pesa ipo, mlipe kwa sharti: mtoto mmoja kwa wakati, dakika ishirini, na akueleze kila wiki ni silabi zipi au hesabu zipi zimeongezeka. Akishindwa kukueleza hilo, pesa hiyo inunue kitabu cha hadithi cha Kiswahili.

Tabia ya kuangalia nafasi kwenye karatasi ya matokeo nayo inatupotosha. Wa 12 kati ya 80, asilimia 58, basi amepita, mambo mazuri. Nafasi inakuambia habari za watoto wengine 79. Asilimia inajumlisha dini, michezo, mwenendo na hesabu, na ndani yake mtoto asiyesoma anaweza kujificha vizuri sana. Tafuta mstari wa kusoma na wa imla, ulinganishe kipindi kwa kipindi.

Usingoje siku ya matokeo kumwona mwalimu; siku hiyo ana foleni. Nenda katikati ya Oktoba, mwisho wa zamu, dakika tano tu. «Mwalimu, jambo yenu. Darasa limefika sauti zipi? Wangu anakaa benchi la ngapi? Anamaliza kunakili ubaoni?» Jibu la tatu ni la thamani kuliko unavyodhani. Mtoto anayesoma vizuri akiwa na kaye mkononi lakini ananakili vibaya kutoka ubaoni, mara nyingi shida ni macho. Mpime mwenyewe: andika maneno makubwa kwa chaki ukutani, asimame hatua sita, afunike jicho moja moja. Anayeuliza «nini?» kila mara, au ambaye sikio lake hutoa usaha, apelekwe kituo cha afya na siku hiyohiyo uombe ahamishiwe benchi la mbele. Mwalimu hawezi kuyaona hayo kati ya watoto 80, na hatachukia ukimwambia.

Kisha zinakuja likizo za Julai na Agosti, na kaye zote zinageuka karatasi za kufungia karanga. Mtoto aliyeanza kusoma juzi tu hupoteza kasi asipogusa maandishi wiki nane. Dakika kumi mara tatu kwa wiki zinatosha kuilinda: mabango ya njiani kuelekea mjini, jina kwenye mfuko wa unga, kitabu cha mwaka uliopita. Wiki ya mwisho ya Agosti rudia kile kipimo cha dakika moja, andika namba kwenye jalada la kaye mpya, na mwonyeshe mwalimu mpya ndani ya wiki ya kwanza, kabla hajawa na watoto 80 wa kuwakumbuka.